20W-50 au 5W-30? Namba za oili na injini za Tanga

Joto la Tanga haliingii kwenye injini ya gari, angalau si kwa kiasi tunachodhani. Kwenye maduka ya spea ya Ngamiani utamsikia mteja akiagiza, "Kaka, nipe 20W-50. Huku kwetu joto, hizo nyepesi zitakuwa maji tu." Muuzaji anashusha dumu, fundi anaitikia kwa kichwa, na IST au Vitz iliyoshuka juzi kutoka Japani inajazwa oili nzito kuliko ile iliyozoea kwao. Hoja ya mteja haina ubaya ukiisikia mara ya kwanza. Lakini Tokyo mwezi wa Agosti joto hufika nyuzi 35 na kupita, sawa na siku kali za Tanga au zaidi, na gari hilohilo lilikuwa likikatiza foleni za huko na 5W-30 au 0W-20 bila kunoki.

Siri iko kwenye themostati. Injini inayopozwa kwa maji haiachiwi ijichagulie joto: themostati inafunga na kufungua mpaka maji yakae kati ya nyuzi 80 na 95 hivi, na oili kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), gari likishakolea, inacheza kwenye 90 hadi 110. Nje kuwe nyuzi 24 za Julai au 33 za Februari, ndani tofauti ni ndogo. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani halihusu hali ya hewa. Tunatakiwa kujua oili hii ikishafika nyuzi 100 inabaki na uzito gani, yaani inakataa kutiririka kwa kiasi gani, na je, huo ndio uzito ambao nafasi za ndani ya injini hii zilichongwa kuupokea?

Nafasi zenyewe ni finyu mno. Kati ya kranki shafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na beringi zake kuna upenyo wa milimita 0.02 hadi 0.05 hivi. Oili inasukumwa humo na pampu, lakini pampu siyo inayobeba mzigo. Kinachobeba ni mzunguko. Shafti ikizunguka inaiburuta oili na kuiingiza kwa nguvu pale ambapo nafasi inabana, oili inakosa pa kutokea, presha inapanda, na shafti inanyanyuliwa. Ni kama tairi linapopita kwa kasi juu ya maji ya mvua na kuacha kugusa lami, ila kwenye barabara jambo hilo ni hatari na ndani ya injini ndilo tunalolitaka. Mwingereza Beauchamp Tower aliligundua mwaka 1883, miaka kumi kabla Wajerumani hawajaanza kutandaza reli kutoka Tanga kwenda bara. Alikuwa akipima beringi za ekseli za treni. Akatoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, mashine ikawashwa, oili ikawa inatoka badala ya kuingia. Akaziba kwa kizibo cha mbao, kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga geji badala ya kizibo, presha aliyoikuta ilitosha kubeba ekseli nzima ikiwa inaelea.

Chuma kikielea hakilikani. Ulikaji unaanza pale utando wa oili unapokuwa mwembamba kiasi cha vijivimbe vya chuma huku na huku kugusana. Mambo matatu ndiyo yanayoamua unene wa utando huo: uzito wa oili, kasi ya mzunguko na mzigo. Oili ikiwa nyepesi mno kwa mzigo, utando unakatika. Hapo mteja wetu wa Ngamiani ana haki. Asichokihesabu ni kwamba oili ikiwa nzito kupita inavyotakiwa, utando haukuongezei faida yoyote, maana shafti ilishaelea tayari. Unachoongeza ni msuguano wa ndani ya oili yenyewe, joto, na mafuta ya petroli yanayokwenda bure.

Tena si kila sehemu ya injini inaelea. Ringi za pistoni zinasimama kabisa kila zinapofika juu na chini ya silinda kabla ya kugeuza njia, na kasi ikiwa sifuri hakuna cha kuunyanyua utando. Kamu, zile zinazofungua valvu, na vinyanyuzi vya valvu navyo vinabanana vibaya. Huko chuma hulindwa na kemikali zilizochanganywa kwenye oili, hasa zile za zinki na fosforasi zinazojenga ngozi nyembamba juu ya chuma. Kwa hiyo oili dhaifu ya 20W-50, isiyo na kemikali za kutosha, inaweza kuila kamu haraka kuliko 5W-30 nzuri.

Sasa namba zenyewe. Chukua 5W-30. Watu wengi wanadhani oili hiyo ina uzito wa 5 asubuhi na 30 ikipata moto, yaani inazidi kuwa nzito. Hakuna oili ya namna hiyo duniani. Oili zote hulainika zikipashwa. Namba mbili hizo ni matokeo ya mitihani miwili tofauti isiyolinganishwa, kwa utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Herufi W inasimamia majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inatoka kwenye mitihani ya baridi kali: oili ya 5W inapimwa kama inairuhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na kama pampu inaweza kuivuta kwenye 35 chini ya sifuri. Ya 20W inapimwa kwenye 15 na 20 chini ya sifuri. Namba ya mwisho ndiyo ya injini iliyokolea: uzito wa oili kwenye nyuzi 100. Kwa sentistoki, kipimo cha uzito huo, daraja la 30 ni kuanzia 9.3 mpaka kabla ya 12.5, la 40 linaishia kabla ya 16.3, na la 50 kabla ya 21.9.

Baridi ya kuihitaji 5W kwa maana hiyo ya mtihani hatuna. Hata ukilala Lushoto mwezi wa Julai, ukaamka ukakuta kioo cha gari kina ukungu na watu wamejifunga mablanketi, bado uko mbali sana na sifuri. Ndiyo maana wengine husema namba ya kwanza kwetu ni pambo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na sababu ni asubuhi ya kawaida kabisa ya Tanga.

Gari limelala Chumbageni, saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 25. Oili ya kawaida ya 5W-30, ambayo ikikolea inakuwa na sentistoki kama 10 au 11, kwenye joto hilo ina zaidi ya 100. Ile ya 20W-50 inakaribia 400. Kwa hiyo asubuhi hiyo hakuna oili dukani iliyo nyepesi mno kwa injini yako, zote zimezidi uzito mara kumi au ishirini. Unapowasha, oili inatakiwa ipande kutoka kwenye sampo, ipite kwenye filta, ifike kwenye beringi, halafu ipande tena mpaka kwenye kamu kule juu. Wakati huo chuma kinaishi kwa mabaki ya oili ya jana na zile kemikali za zinki. Oili ya sentistoki 100 inafika mapema kuliko ya 400. Tofauti ni sekunde chache, lakini hazitokei mara moja tu: gari la mama anayempeleka mtoto shule, akarudi, akaenda sokoni, akalala mchana, linawashwa likiwa limepoa mara kadhaa kwa siku.

Hapa fundi wa zamani atakuonyesha geji. "Mwanangu, tazama presha ilivyopanda tangu nikuwekee nzito." Ni kweli imepanda, ila geji haipimi oili iliyofika kwenye beringi. Inapima jinsi oili inavyopata taabu kupita. Pampu ya oili inasukuma kiasi kilekile kila inapozunguka. Ukiipa kitu kizito, presha inapanda kwa sababu njia ni nyembamba, na ikizidi kiwango valvu ya usalama inafunguka na kuirudisha sehemu ya oili kwenye sampo kabla haijafika popote. Presha kubwa asubuhi kwenye 20W-50 inaweza kuwa na maana kwamba oili nyingi inazunguka bure huko chini. Presha ndogo kwenye injini iliyokolea ni habari nyingine, hiyo ni ya kutiliwa maanani, na tutaifikia.

Kwa injini za miaka ya 2000 kuja huku kuna jambo la VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na ndugu zake. Mfumo huo unageuza kamu kwa kutumia presha ya oili kupitia vijitundu na kijichujio kidogo kuliko ncha ya kidole. Ulipangwa ukitegemea oili inayopita upesi. Ukiujaza oili nzito, kamu inachelewa kuitikia, gari linakuwa zito kuondoka, na wakati mwingine taa ya injini inawaka na mwenye gari anauziwa sensa asiyoihitaji.

Je, 20W-50 itaiua IST yako? Haitaiua. Vitabu vingi vya Toyota vya masoko ya nchi za joto vilikuwa na jedwali lenye 5W-30, 10W-30, 15W-40 na 20W-50, kila moja na kiwango chake cha hali ya hewa, na 20W-50 ilikubalika pasipo na baridi. Lakini inayotangulizwa humo ni 5W-30, na ningeanzia hapo kwa injini ndogo ya petroli iliyo nzima. Ukiona 10W-30 nzuri kwa bei nafuu, chukua bila wasiwasi; kwa hali yetu zinakaribiana sana. Injini ya IST yenye sentimita za ujazo 1,500 inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo dumu la lita nne linatosha na kinabaki cha kuongezea. Usimwachie fundi alimalize lote; oili iliyopita alama ya juu ya stiki inapigwa na kranki shafti mpaka inatoa povu, na povu halinyanyui shafti.

Magari mapya zaidi, na yale ya umeme na petroli kama Aqua na Prius, kifuniko cha oili kimeandikwa 0W-20. Hapo ndipo mabishano yanapokuwa makali. Watu wana shaka nayo na shaka yao si ya kijinga. Daraja la 20 lilitafutwa kwanza kwa ajili ya kupunguza matumizi ya petroli, na utando wake kwenye joto kali ni mwembamba. Kuna kipimo kingine cha SAE kinachofanywa kwenye nyuzi 150 huku oili ikisagwa kwa kasi kubwa, kufanana na hali iliyo ndani ya beringi. Kwa millipaskali-sekunde, daraja la 20 linatakiwa kupata angalau 2.6, la 30 angalau 2.9, 5W-40 na 10W-40 angalau 3.5, na 15W-40 angalau 3.7. Injini iliyoundwa kwa 2.6 ina beringi pana za kutosha na uso laini wa kuipokea, kwa hiyo mjini, kutoka Raskazone kwenda Mabawa na kurudi, haina tatizo. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao wanaandika kwamba oili yenye namba kubwa zaidi inaweza kufaa zaidi gari likiendeshwa kwa kasi kubwa au kwa mzigo mzito. Mwenye Aqua anayefanya teksi, abiria wanne na mizigo kila safari hadi Segera na Korogwe, akienda 0W-30 au 5W-30 hajavunja amri yoyote. Akirukia 20W-50 ameruka madaraja matatu.

Mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto ndio mtihani halisi wa namba ya pili. Hiace imejaa, gia ya pili, kona baada ya kona mpaka karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mzigo mkubwa, mzunguko si wa kasi sana, upepo wa kupoza rejeta ni mdogo. Kasi ndogo na mzigo mkubwa ndivyo vinavyokata utando. Kwa gari la kazi hiyo, daraja la 40 ni la busara, na kwa dizeli za zamani 15W-40 ndiyo oili ya nyumbani: imara, inapatikana kila mahali, na tofauti yake ndogo kati ya namba mbili ina faida. Ili oili ihimili pande zote mbili, waundaji huiongezea polima zinazoizuia kulainika haraka. Polima hizo zikisagwa na injini hukatika, na oili iliyoanza kama 40 inashuka kuelekea 30 kabla ya wakati wake. Namba zikiachana sana, kama 5W-50, polima huwa nyingi zaidi, isipokuwa oili ya msingi iwe bora sana. Oili tupu ya SAE 40 haina polima hizo, na dizeli kongwe bado zinaitumia kwa raha katika ukanda wa pwani.

Na tusiisahau pikipiki, maana hapo ndipo yule mteja wa Ngamiani anapokuwa sahihi kabisa. Injini ya Boxer haina maji wala themostati. Inapozwa na upepo wa mwendo, na bodaboda anayesubiri abiria juani stendi, injini ikiwa inaunguruma, hana upepo. Jua la Tanga linaihusu. Isitoshe oili hiyohiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi, na meno ya gia yanazikata polima kuliko kitu chochote ndani ya gari. Ndiyo maana vitabu vya pikipiki nyingi za Kihindi vinataja 20W-50 au 20W-40. Nadhani ushauri wa "weka nzito" ulivuka kutoka huko, na kutoka kwenye Land Rover za wazee wetu, ukaingia kwenye Vitz bila kuulizwa pasi. Kwenye pikipiki tazama pia neno JASO MA au MA2, alama ya Kijapani ya oili za pikipiki, nyuma ya chupa. Oili za magari za kubana matumizi zina vilainishi vinavyoifanya klachi iteleze. Bodaboda anapandisha mzunguko, pikipiki haiendi, anahukumu sahani za klachi wakati kosa ni la oili.

Wakati mwingine tunabishana juu ya namba huku injini inauawa na kitu kingine. Nimeshawahi kushika beringi iliyotolewa kwenye injini iliyonoki. Upande mmoja ulikuwa bado na rangi yake ya kijivu iliyotulia, upande wa pili kijivu kimekwaruzwa chote na shaba imejitokeza, na mikwaruzo imenyooka kama imechorwa kwa rula, ukipitisha ukucha unaisikia. Mikwaruzo ya namna hiyo huachwa na vumbi. Mchanga laini uliopita kwenye filta ya hewa iliyopasuka, au kwenye ile iliyopulizwa kwa kompresa mara nyingi mpaka karatasi ikalegea, ni mgumu kuliko chuma cha beringi, na hakuna namba ya SAE inayouzuia. Kwa anayezunguka barabara za vumbi za vijijini Muheza, filta ya hewa ni ya kufikiriwa kabla ya kufikiria kutoka 30 kwenda 40.

La pili ni themostati inayong'olewa. Gari likichemsha mara moja, fundi anaitoa na kuitupa, "ili maji yazunguke." Basi injini inatembea mjini ikiwa na nyuzi 60 tu. Oili haikolei, maji na petroli vilivyopenya kwenye sampo havipati moto wa kuvikausha, kifuniko cha oili kinaanza kuwa na utelezi mweupe kama maziwa, na petroli hiyo inaizimua oili ikawa nyepesi. Mwenye gari anaona oili nyepesi, anapanda kwenda 20W-50. Dawa ilikuwa themostati mpya na kipozeo sahihi badala ya maji ya bomba.

Herufi za ubora za API, taasisi ya petroli ya Marekani, zilizo kwenye chupa nazo zitazamwe pamoja na namba. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata ikisonga mbele kwenye alfabeti oili ni ya kizazi kipya zaidi: SN imefuatwa na SP iliyoanza mwaka 2020, na kwa dizeli CI-4 ilitangulia CK-4. Chupa yenye 20W-50 na herufi SC au SD ni oili ya enzi za magari ya babu, hata kama lebo inang'aa. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa haina hata lebo ya kubishania.

Limebaki swali la injini iliyochoka. Presha ya oili imeshuka gari likiwa la moto, taa inapepesa ukisimama kwenye mataa, au gari linakula oili na kuacha moshi wa bluu asubuhi. Hapo nafasi za ndani zimepanuka, na kupanda daraja moja, kutoka 30 kwenda 40, ni matibabu halali. Kwa injini iliyochakaa sana hata 50, ukijua unanunua muda tu kabla ya kufungua injini. Lakini pima kwanza. Egesha sehemu tambarare, injini ikae imezimwa dakika kumi, futa stiki, ichovye, andika ilipofika. Rudia hivyo kila ukijaza tangi. Ikiwa kutoka kubadilisha oili mpaka kubadilisha tena baada ya kilomita 5,000 haijapungua hata nusu lita, na taa ya oili inazimika mara tu ukiwasha, injini hiyo haijaomba oili nzito, na dumu la 20W-50 libaki dukani likimsubiri bodaboda.